Uzio Uliofuata Jua

Ninyi mnaojifunza kujenga uzio siku hizi mna mashine. Nimeiona ile ya chuo chenu hapa Garissa, inayofungwa nyuma ya trekta. Inashuka ikinguruma, inapanda na udongo, na shimo liko tayari kabla mtu hajamaliza kukunja mikono ya shati. Sina ugomvi nayo. Mgongo wangu ukipewa nafasi ya kusema utalalamika tu kwamba ilichelewa kuja. Lakini trekta haifiki kila mahali, na ikiharibika njiani mtu wa kwanza mtakayemtafuta ni mzee mwenye mtaimbo. Kwa hiyo niacheni niwaeleze, wakati bado nakumbuka vizuri, jinsi tulivyochimba mashimo ya nguzo katika miaka ya tisini, nani alinifundisha, na kwa nini uzio wa zahanati moja kule Modogashe umepinda.

Nianze na kopo, maana najua ndilo mtakalolicheka.

Shimo la nguzo linatakiwa liwe jembamba na refu. Upana ni nguzo yenyewe na nafasi ya ngumi pembeni, ili upate pa kushindilia udongo. Kina ni mkono. Unalala kifudifudi, unaingiza mkono mpaka kwapa liguse ukingo, na vidole vikifika chini, hapo umemaliza. Sasa niambieni, sepetu itatoaje udongo kutoka shimo kama hilo? Inaingia hadi usawa wa goti, halafu mpini unagonga ukingo na udongo wote unarudi ulikotoka. Kopo linaingia pamoja na mkono. Tulitumia kopo tupu la mafuta ya kupikia, lile kubwa, tukalipiga nyundo upande mmoja wa mdomo mpaka likawa na ulimi kama wa birika. Kopo zuri mtu alilala nalo karibu na kichwa, kwa sababu asubuhi ungelikuta limechemshiwa chai.

Mtaimbo ndio mwenye kazi. Ile tuliyoipenda ilifuliwa kutoka ekseli za malori yaliyokufa njiani, na malori hayo hayakukosekana. Upande mmoja una ncha kama penseli, wa kuvunjia ule udongo mweupe uliogandana kama saruji. Upande wa pili ni bapa, wa kunyooshea kuta za shimo. Huubamizi chini. Unauinua, unauachia, unausindikiza. Ukiubana kwa nguvu, kila jiwe linakujibu kwenye kiwiko. Na usiuache juani saa za chakula. Niliuacha mara moja, nikarudi nikaushika kama mtu anayemshika rafiki mkono, na jioni hiyo nililishwa ugali na wenzangu.

Sururu ni ya mtaro. Hilo nililijua Takaba, tulipokuwa tunazungushia uzio soko la mifugo, na hapo ndipo nilipokutana na Gedi. Nilikuwa mgeni kwenye kazi, nina nguvu na haraka. Nilichukua sururu nikachimba shimo langu la kwanza, nikasimama pembeni nikingoja sifa. Nguzo ilipoingizwa ikacheza ndani kama jino bovu. Mtu mmoja mrefu mwembamba, mwenye ndevu alizozitia hina, akaja akainama kulitazama shimo kwa muda mrefu sana.

"Hii ni ya kuzika nani?" akauliza.

"Ni ya nguzo," nikasema.

"Walahi, hata ng'ombe yangu mkubwa alikufa, hakubata shimo kubwa hifi."

Hivyo ndivyo Gedi alivyosema Kiswahili, kama wengi wa upande wa Wajir alikotoka: p ikawa b, v ikawa f, na ngeli zikajitafutia mahali pa kukaa. Alinizidi umri kwa miaka kama kumi. Alikuwa mchungaji mpaka ukame ulipomwachia fimbo bila wanyama, akahamia Garissa na mkewe Halima na binti zao wawili. Kuanzia siku hiyo tukawa jozi. Mmoja anapiga mtaimbo, mwingine amelala na kopo, kisha mnabadilishana. Anayekaa na kopo ndiye anayeongea, maana mwenye mtaimbo hana pumzi.

Gedi alinifundisha kusikiliza. Mchanga unaupokea mtaimbo kwa sauti ya kunyamazisha mtoto. Mfinyanzi unajibu kwa sauti nzito, kama mlango wa stoo uliofungwa. Ule udongo mweupe unalia juu, kwenye meno. Mzizi hausemi kitu ila unaurudisha mkono wako, na ukikutana nao unageuza upande bapa na kukata mara moja pembeni, si katikati. Nilidhani hizi ni mbwembwe za mtu mzima. Baadaye nilielewa kwamba Gedi alikuwa anachimba kwa masikio kwa sababu macho yalikuwa yanamwacha.

Niwaambie kidogo kuhusu zana nyingine, msije mkafikiri sisi tulikuwa watu wa kukataa mapya. Safari moja tulipewa chombo chenye mipini miwili mirefu na chini yake meno mawili yanayoumana, kama taya la fisi. Unakidondosha, unapanua mipini, udongo unabanwa, unatoa. Kule Hulugho, kwenye mchanga, tulikipenda mpaka tukagombania zamu. Kwenye udongo mweupe kilidunda tu. Safari nyingine ilikuja keekee kubwa ya udongo, ya kuzungushwa na watu wawili. Mimi na Gedi tukazunguka nayo kama ngamia wa kukamua simsim. Ikashika mzizi. Keekee ikasimama, sisi tukaendelea, na tukajikuta tumekaa chini tunatazamana. Gedi akasema, "Sasa imechimba sisi."

Na maji. Udongo mkavu ukiuloweka jioni, asubuhi unakuwa mpole. Lakini nani angemwaga maji mahali ambapo mtu anatembea saa nzima kuyafuata? Tukapata njia. Kila alasiri na magharibi tulikwenda kutawadha tukiwa tumechuchumaa juu ya alama za mashimo ya kesho yake. Maji ya uso na miguu yakaingia pale pale. Msimamizi wetu, Musyoka, Mkamba wa Mwingi na mtu wa kanisa, alituangalia siku kadhaa. Kisha jioni moja akaja na bakuli alimonawia mikono baada ya chakula, akalimwaga kwenye alama ya pembeni.

"Na hili la Wakristo," akasema, "tuone kesho lipi litakuwa laini."

Nimemtaja Musyoka, basi nifike Modogashe.

Kazi ilikuwa uzio wa zahanati. Ilikuwa kiangazi, na pale kwenye njia panda ya malori palikuwa na wanyama wengi kuliko watu. Mbuzi waliingia mpaka chumba cha sindano. Muuguzi alitueleza kwa uchungu kwamba wamekula pamba, wamekula kadi za wagonjwa, na mmoja alikutwa na bendeji inaning'inia mdomoni kama tambi. Nguzo zetu zilikuwa za mtarakwa kutoka nyanda za juu, miguu yake imepakwa oili chafu dhidi ya mchwa. Halima alikuja na mumewe safari hiyo. Alisimamisha nyumba yake ya fito na mikeka nyuma ya zahanati, akawa anatupikia. Binti zao walibaki Garissa kwa shangazi yao, wakisoma.

Macho ya Gedi yalikuwa mekundu tangu nilipomjua. Ni ule ugonjwa unaogeuza kope zikaingia ndani na kukwaruza jicho. Alivaa kibano kidogo shingoni, na kila asubuhi alipokuwa nyumbani Halima alimng'oa kope moja moja. Daktari wa macho alipopita Garissa alimpasua, maumivu yakapungua, lakini nuru iliyokwisha kuondoka haikurudi. Alijua kujificha vizuri. Alitembea taratibu kama mtu mwenye heshima zake. Aliomba chai kwa kunyoosha mkono na kungoja kikombe kiufuate.

Mimi niliyajua hayo siku ya pili pale Modogashe. Palikuwa na mahali Musyoka alipopenda kusimama asubuhi, karibu na tangi la maji. Siku hiyo alikuwa bado ndani, na mahali pake alisimama punda wa wachota maji. Gedi akapita, akainua mkono.

"Habari ya asubuhi, mkubwa. Umelala fizuri?"

Tulichimba mpaka adhuhuri. Nilipokuwa nimelala na kopo, nikasikia mtaimbo umesimama.

"Bakari."

"Naam."

"Yule wa asubuhi alikuwa bunda, si ndiyo?"

"Alikuwa punda."

Akauegemea mtaimbo. "Nilifikiri. Kwa sababu alinijibu fizuri kuliko Musyoka."

Tulicheka, kisha tukaacha kucheka. Akaniambia yote. Aliona mwanga na kivuli, na mtu akisimama na mwanga nyuma yake alimwona kama mti. Alama za chokaa ambazo Musyoka aliweka chini, hakuziona kabisa. Musyoka hakuwa mtu mbaya, lakini aliwekwa pale ili kazi iishe, na kibarua asiyeweza alirudishwa Garissa na lori lile lile lililoleta nguzo. Nilikuwa nimemwona akimrudisha mtu mwenye goti bovu, kwa upole, akamfungia na chakula cha njiani. Lakini alimrudisha.

"Kuchunga siwezi tena," Gedi akasema. "Ngamia akitembea hatua ishirini ameshakuwa wa mtu mwingine. Lakini shimo, Bakari, shimo iko mkononi. Shimo haihitaji macho. Ni kule kutoka shimo moja kwenda nyingine ndiko kunanishinda. Wasichana wangu wanasoma kwa hii mtaimbo."

Halima ndiye aliyepata dawa. Wanawake wa kwao husokota kamba za kufungia mizigo juu ya ngamia kwa nyuzi za magome ya mgunga, na yeye alisifika kwa kamba. Akasokota moja ndefu, akaipiga fundo kila penye shimo, na fundo la kona akalifunga na kitambaa cha shuka lake la zamani. Kila asubuhi, Musyoka akiwa bado na chai, mimi niliinyoosha kutoka kigingi hadi kigingi. Gedi aliifuata kwa mguu usio na kiatu mpaka fundo likamgusa, akasimama, akashusha mtaimbo. Mashimo aliyoyaanza yeye yalinyooka kwenye mstari kuliko niliyoyaanza mimi. Musyoka alipita akatikisa kichwa.

"Hawa wawili wanachimba na kamba kama wanapanda vitunguu," akawaambia wachimbaji wa upande wa pili. Lakini nilimwona akiinama na kufumba jicho moja kutazama mstari, na hakupata kosa.

Tukaendelea hivyo mpaka siku niliyotumwa Isiolo na lori kuchukua nguzo zilizobaki. Niliondoka mchana, Gedi akabaki bila jozi na Halima akaachiwa kuinyoosha kamba alfajiri; nikalala huko, nikarudi kesho yake alasiri. Kwa hiyo yaliyotokea katikati sikuyaona. Nawasimulia nilivyoambiwa na Gedi, na Halima, na mwenye kamba ya pili ambaye mtamjua sasa hivi. Niliwauliza kila mmoja peke yake, na maneno yao yalilingana.

Wanyama pale walinyweshwa kwenye visima vya kuchimbwa ndani ya laga, ule mto mkavu unaopita kando ya mji. Kiangazi kikizidi, maji yanashuka na kisima kinachimbwa tena chini. Basi kila kamba iliyotosha wiki iliyopita inakuwa fupi. Jioni ile alikuja Guyo, Mborana wa makamo, na kundi la ngamia waliokuwa wamekaa bila maji kwa siku nyingi. Alishusha ndoo kisimani na ndoo ikaning'inia juu ya maji bila kuyagusa. Kila aliyekuwa na kamba alikuwa anaitumia. Akazunguka akiuliza, akafika nyuma ya zahanati, akaiona kamba ya Halima imeviringishwa mlangoni.

Mkumbuke miaka ile. Watu wa Guyo na watu wa Gedi walikuwa wameibiana wanyama na kuzikana mara nyingi, na wapo ambao wasingesimama mlango mmoja. Guyo alisimama mbali, akasalimu kwa Kiswahili.

"Ndugu, naomba kamba. Yangu imefika nusu. Kesho jioni nitarudisha."

Gedi aliwasikia ngamia. Mtu aliyechunga maisha yake yote anajua ngamia anayelia kwa hasira na anayelia kwa kiu. Akainua kamba, akaipima mkononi kana kwamba anaiaga, akampa.

Halima alimngoja Guyo afike mbali.

"Kesho utachimba na nini?" akamwuliza mumewe.

"Na jua."

"Jua haina fundo."

"Ningemwambia nini, Halima? Ningemwambia kamba hii ni ya uzio?"

Halima alitaka kwenda kusimama naye asubuhi amwelekeze, Gedi akakataa, kwa sababu Musyoka angeuliza mke anafanya nini kwenye mstari. Kujitia ugonjwa wa uongo nako alikataa. Alisema shimo la kuanzia analijua, ni lile la mwisho la siku hiyo, limebakia wazi, na kutoka hapo mstari unakwenda kusini moja kwa moja. Asubuhi jua litakuwa kwenye shavu la kushoto. Akiliweka hapo hapo kwenye shavu na kuhesabu hatua zake, atafika.

Na kweli alifika. Isipokuwa hakufika alikotakiwa.

Ninyi mmesoma, mnajua kwamba jua la kiangazi kwetu halipandi tu, linazunguka likielekea kusini. Gedi alijua hilo pia, alipokuwa akitembea na mifugo na kupumzika, kutazama milima na kujisahihisha. Lakini mtu aliyelala kifudifudi na kopo, akiingiza kichwa shimoni na kukitoa, anasahau kwamba saa zimepita. Kila alipoinuka alijiweka sawa, jua kwenye shavu la kushoto, akahesabu hatua, akachimba. Jua likasogea, na Gedi akasogea nalo. Mashimo ya asubuhi nzima yakapinda kidogo kidogo kwenda magharibi, mazuri ajabu, yamenyooka kuta, yana kina cha mkono, kama jambia lililolazwa mchangani.

Musyoka aliyakuta adhuhuri.

"Mzee, hii laini inaenda wapi? Inaenda Isiolo?"

Gedi alisimama na mtaimbo wake. Hakujua kosa lilikuwa kubwa kiasi gani, na hakuweza kutazama.

"Hata bila ile kamba yenu, chokaa si hii hapa?" Musyoka akauliza. "Nimeweka kwa mkono wangu. Ulikuwa unaangalia wapi?"

"Mbele."

"Mbele ya nani? Umekula miraa jana usiku?"

"Mimi sili miraa, mkubwa."

"Basi hii ni dharau." Musyoka aliniambia baadaye kwamba neno lile lilimtoka kwa sababu hakuona jina lingine la kulipa jambo hilo. Mchimbaji wake bora, mahali pasipo na jiwe wala mzizi, ameiacha alama nyeupe mchana kweupe. "Lori likija leo, utapanda. Pole, lakini utapanda."

Gedi angeweza kueleza habari ya kamba. Lakini kuieleza kamba ni kuyaeleza macho, na mlango huo ukifunguka haufungwi. Akafuta mtaimbo kwa mchanga, akaulaza pamoja na mingine.

Niliporudi alasiri, Gedi alikuwa amekaa kwenye kivuli cha tangi, kifurushi kiko kati ya miguu yake. Halima alikuwa anaikunja mikeka ya nyumba. Musyoka alikuwa anawahimiza watu washushe nguzo upesi ili dereva asichelewe. Nikaona kila kitu kwa mara moja: mashimo yaliyopinda, na mahali ambapo kamba ingekuwa hakuna kamba. Nilifungua mdomo kumwambia Musyoka. Gedi akanisikia ninavyovuta pumzi.

"Warya, Bakari," akaniita polepole kwa neno la kwao. "Nyamaza. Ni yangu."

Nikabeba nguzo.

Ndipo akaja Guyo. Alikuja akitokea laga, ameitundika kamba begani bado ina maji, na mkononi ana kibuyu cha maziwa ya ngamia. Akapita katikati yetu kama mtu anayejua anakokwenda, akachuchumaa mbele ya Gedi.

"Wamekunywa wote," akasema. "Hata yule mgonjwa. Kamba yako ni nzuri, ndugu. Haya mafundo yanashika mkono, ndoo haitelezi. Nani alikufundisha kufunga kamba ya kisima hivi?"

Gedi alipokea kibuyu, akanyoosha mkono wa pili kuitafuta kamba, na mkono ukapita kando yake. Ukapapasa hewani. Guyo akaishika kamba akaiweka kwenye kiganja chake.

Musyoka aliuona ule mkono. Nami nilimwona Musyoka akiuona.

Akaja polepole, akaichukua kamba kutoka kwa Gedi bila kuomba, lakini kwa upole. Akaipitisha vidoleni, fundo baada ya fundo. Akakifikia kitambaa cha kona, akakigeuza. Kisha akaenda kwenye mstari wa siku zilizopita, ule ulionyooka, akailaza kamba chini. Fundo likakaa kando ya shimo, na fundo la pili kando ya shimo la pili, fupi kidogo tu kwa sababu kamba ilikuwa imelowa. Akaenda nayo hadi mwisho. Watu wote walikuwa wameacha kushusha nguzo. Dereva alikuwa amezima injini.

Musyoka alirudi, akasimama na mwanga nyuma yake. Sijui kama alijua kwamba hapo ndipo Gedi angemwona.

"Tangu lini?" akauliza.

"Tangu kabla ya hii kazi."

"Na jana ukatoa kamba."

"Ngamia walikuwa wanalia, mkubwa. Uzio hailii."

Musyoka alikuwa na mazoea ya kuvuta sikio lake akifikiri, akalivuta.

"Mzee, mtu anaweza kuchimba kama hivi asione?"

"Shimo iko mkononi," Gedi akasema, kama alivyoniambia mimi.

Sikuwahi kumwona Musyoka akimpima Gedi kwa vidole, kumwuliza hivi ni vingapi, wala kumsogelea usoni. Aligeuka tu akamwambia dereva, "Wewe nenda. Hakuna mtu wa kupanda." Kisha akamwita Halima, ambaye alikuwa amesimama na mkeka umekunjwa nusu.

"Mama, hii kamba ulitengeneza wewe?"

"Ni mimi."

"Nataka zingine. Kila jozi na yake." Akainua sauti ili upande wa pili wasikie. "Kuanzia kesho, kila mtu anachimba kwa kamba. Sitaki tena kuona laini ya chokaa, upepo unaichukua."

Wakanung'unika. Mmoja akauliza kama sasa sote tunapanda vitunguu. Musyoka akamwambia ndiyo, na aliyeuliza ndiye atakayeanza na safu ya karibu na choo. Halima akaufungua mkeka, akaurudisha juu ya fito. Guyo, ambaye hakuelewa hata nusu ya yaliyopita, alikuwa anatuangalia mmoja mmoja. Gedi akampa kibuyu anywe wa kwanza, kisha kikazunguka hadi kwa dereva.

Yakabaki mashimo yaliyopinda. Wengi walitaka kuyafukia. Hapa mnisikilize kama mafundi: shimo likishachimbwa, udongo wake haurudi kuwa ule ule. Ukilifukia na kuchimba jingine karibu, nguzo inasimama kwenye tope mvua ya kwanza. Musyoka alitembea kwenye ule mpindo mara mbili, akaingiza mkono shimoni, akakuta chini pamenyooka kama sahani.

"Siwezi kufukia shimo kama hili," akasema. "Ni dhambi."

Tukasimamisha nguzo zikafuata mpindo, kisha tukaurudisha mstari kwenye kigingi cha kona. Zahanati ikaongezewa kipande cha ardhi chenye umbo la nusu mwezi. Mkandarasi mwenyewe alipokuja kukagua akauliza kwa nini uzio umetoa tumbo.

"Mwamba," Musyoka akamwambia.

Yule bwana akatazama mchanga pande zote. "Mwamba uko wapi?"

Musyoka akamnyooshea mtaimbo. "Jaribu mwenyewe." Yule bwana akaukunja uso, akaenda kukagua lango.

Gedi alichimba nasi miaka mingine mingi, na nilipobadilishwa jozi waliendelea wengine kumnyooshea kamba. Hakuna aliyelizungumza jambo hilo. Binti zake walimaliza shule. Mmoja wao ndiye aliyeniandikia mwaka juzi kwamba baba yao anataka kupita Modogashe, na angependa tuende wote.

Tulishuka pale njia panda asubuhi. Gedi sasa haoni hata kivuli. Zahanati imekua, ina wodi na bustani, na ndani ya nusu mwezi ile wamepanda miarobaini ambapo kina mama hukaa na watoto wakingoja sindano. Alitaka kuuzunguka uzio. Nikamtolea mkono auegemee, akakataa. Alikuwa na fimbo yake ya kuchungia. Akaanza kuzigonga nguzo moja moja akipita, akisikiliza, kama tulivyousikiliza mtaimbo.

"Hii nzima," akasema. "Hii nzima. Hii mchwa ameonja, lakini hakubenda oili."

Alikwenda hivyo mbele yangu, hatua zake zile zile za kutoka shimo hadi shimo. Nilitaka kumwambia tunaukaribia mpindo. Nikaamua kumwacha. Alipofika kwenye nguzo ya mwisho wa mstari ulionyooka alisimama, akainua uso kidogo mpaka jua likakaa kwenye shavu la kushoto. Akatabasamu. Kisha akapinda pale uzio unapopinda, bila kuniuliza.